Je, Wajua? Mtutu Hukatwa Kuokoa Masikio

Je, wajua kuwa mwindaji wa kulungu nchini Uingereza huweza kukubali mtutu wa bunduki yake ukatwe kipande ili aokoe masikio? Mlio wa bunduki ya kuwindia hupita desibeli 160, na kishindo cha ghafla kinachozidi 140 chatosha kuharibu usikivu moja kwa moja. Kipunguza sauti hushusha desibeli 20 hadi 30. Kimya kamili hakipatikani, kwani risasi inayoishinda sauti kwa kasi hutoa mpasuko wake yenyewe angani.

Tatizo ni urefu.

Kifaa hicho kikifungwa, bunduki huwa ndefu, taabu tupu vichakani na garini. Ndipo fundi huufupisha mtutu, akauchonga hesi za kufungia kifaa mdomoni kwa mashine ya kukereza. Kazi hii haitaki papara hata kidogo: hesi zikienda upogo, risasi hugonga kifaa kwa ndani. Ukingo wa mdomo nao husawazishwa upya, maana hapo ndipo risasi huachana na chuma, na kasoro ndogo tu huharibu shabaha. Kwa kuwa mtutu umefupishwa, kasi ya risasi hupungua kidogo.

Hataza ya kipunguza sauti ilitolewa Marekani mwaka 1909 kwa Hiram Percy Maxim, mwana wa Hiram Maxim aliyebuni bunduki ya rashasha.