Furaha ya Nyumbani Nayo Yataka Mpango

Ndugu mkulima, katika daftari lako umeandika siku ya kupanda, siku ya kunyunyiza dawa na siku ng'ombe alipopandwa. Je, umeandika siku ya kuwatembeza watoto wako? Umeandika siku ya kumchanja mbwa wao? Wengi hawakuandika. Husema hayo ni mambo ya mchezo, na mchezo haulipi karo ya shule. Lakini furaha ya jamaa ni kazi ya shamba kama kazi nyingine. Ikiachwa bila mpango yaweza kuleta hasara, na mara nyingine hata kifo.

Tuchukue mfano wa Witeithie, mji mdogo kando ya barabara kuu kati ya Juja na Thika, katika Kaunti ya Kiambu. Kwa Kikuyu jina hilo maana yake ni "Jisaidie". Hapo barabara ya Nairobi iko mlangoni. Kijana akichoka na maisha ya shamba hupanda matatu, na kabla ya chakula cha mchana yuko mjini.

Huko kwenu skimuni barabara huenda iko mbali, lakini jambo ni lile lile. Wazee waliopata mashamba katika Skimu ya Ekari Milioni, iliyoanza mwaka 1962, walifanya kazi kwa bidii. Leo mashamba mengi yako mikononi mwa watoto na wajukuu wao. Mtoto aliyelijua shamba kuwa mahali pa jembe na kukemewa tu hatalipenda akiwa mtu mzima.

SUNGURA WA MTOTO AWE WAKE

Njia moja rahisi ni kumpa mtoto mnyama wake mwenyewe. Sungura afaa sana, maana hula kidogo na hahitaji nafasi kubwa.

Kizimba kiinuliwe juu ya ardhi, kiwe na paa, na sakafu yake ipitishe mavi na mkojo. Majani yenye umande yasipewe sungura. Kwanza yaachwe yanyauke, la sivyo tumbo litamvimba. Jike akiwa tayari, mtoto ampeleke katika kizimba cha dume. Asimpeleke dume kwa jike, kwa maana jike hupigania mahali pake. Mimba huchukua siku 31 hivi. Mtoto aandike tarehe, na siku ya 27 aweke ndani sanduku la kuzalia lenye majani makavu. Hivyo atajifunza hesabu, atajifunza kuandika kumbukumbu, na hakuna atakayemwita mvivu.

Lakini hapa wazazi wengi hukosea. Baba humpa mtoto sungura, kisha wageni wakija humchinja bila kuuliza. Mtoto yule amejifunza jambo moja: mali ya shambani si yake hata akiitunza vipi. Ukimchukua sungura wake, mlipe kama ungemlipa jirani. Pesa ile ni ndogo kwako, lakini kwake ndiyo mavuno yake ya kwanza.

Tena, umwulize mwalimu kama shule ina chama cha 4-K. Vyama hivi, ambavyo jina lake ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza mwaka 1962, na vikafufuliwa mwaka 2021. Humo watoto hulima na kufuga pamoja, na kazi huwa kama mchezo.

MBWA NI RAFIKI, LAKINI ACHANJWE

Mbwa hulinda boma, naye ni rafiki wa watoto. Basi ni lazima umlinde yeye pia. Kichaa cha mbwa huua. Dalili zake zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Duniani yakadiriwa watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, na watoto ni wengi miongoni mwa wanaoumwa, maana wao hucheza na mbwa. Mwaka 2014 Serikali ya Kenya ilitoa mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa watu ifikapo mwaka 2030. Mpango huo hauwezi kutimia kama wewe hukumtoa mbwa wako achanjwe.

Mbwa achanjwe akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha arudiwe kila mwaka. Paka naye huambukizwa, basi mpeleke pia. Wataalamu wasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kwa hiyo usiende peke yako. Waambie na majirani.

Mtu akiumwa, fanya hivi bila kukawia. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake majani, mafuta wala udongo. Nenda hospitali siku ile ile ukachomwe sindano za chanjo, nawe uzimalize zote hata kama kidonda kimekauka. Wafundishe watoto wasiogope kusema. Mara nyingi mtoto huficha jeraha kwa kuwa alikatazwa kumchokoza mbwa, naye huogopa kiboko. Mwambie mapema kwamba akiumwa hatapigwa.

SIKUKUU NA MBUZI WA KUCHINJA

Siku za furaha ni nyingi: Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba, Jamhuri tarehe 12 Desemba, Krismasi, Idi, arusi na kutahiriwa kwa vijana. Ni vema kusherehekea. Lakini kumbuka kwamba baada ya Desemba huja Januari, na shule hufunguliwa. Tenga karo kwanza, kisha uhesabu mbuzi.

Mbuzi akichinjwa, mwite mkaguzi wa nyama amtazame. Tena mfunge mbwa kabla kisu hakijatolewa. Kwa nini? Huenda katika ini au mapafu ya mbuzi, kondoo au ng'ombe mna vifuko vya maji. Watu huvikata na kumtupia mbwa. Ndani ya vifuko hivyo mna vijidudu ambavyo tumboni mwa mbwa huwa tegu wadogo. Mayai ya tegu hao hutoka na mavi ya mbwa, hushika katika manyoya yake, kisha mtoto humkumbatia na kula bila kunawa. Ndani ya mtoto huota kifuko cha maji, katika ini au mapafu. Hukua polepole kwa miaka, na mara nyingine lazima apasuliwe. Watu wa Turkana wameteswa sana na ugonjwa huu, lakini hakuna boma lililo salama ikiwa mbwa hulishwa vifuko hivyo.

Kinga yake ni rahisi. Ini au mapafu yenye vifuko yachomwe moto, au yafukiwe chini sana mahali mbwa hawezi kufukua. Mbwa apewe dawa ya minyoo kama daktari wa mifugo atakavyoagiza. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Basi furaha ya sikukuu haitaacha ugonjwa nyuma.

SAFARI YA SIKU MOJA

Ng'ombe wa maziwa hajui sikukuu. Kwa hiyo wakulima wengi hawasafiri ila kwa mazishi. Dawa yake ni ile ya zamani, ngwatio: kusaidiana kwa zamu. Jumamosi moja jirani akukamulie, na nyingine umkamulie wewe. Mwonyeshe mapema chakula cha ng'ombe, na ni yupi apigaye teke.

Jamaa ya Witeithie yaweza kwenda na kurudi siku moja. Thika kuna maporomoko ya mto Chania na ya mto Thika, karibu karibu. Ukishika barabara ya Garissa utafika Fourteen Falls katika mto Athi. Jirani yake ni Ol Donyo Sabuk, au Kilima Mbogo, wenye urefu wa mita 2,145, ambao ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1967. Wasikudanganye kwamba jina ni jina tu. Mbogo wapo, basi fuata maagizo ya askari wa wanyama. Na kwenye maporomoko mshike mtoto mkono, maana mawe huteleza.

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alivuka bahari akakaa Juja Farm, kwa McMillan, ili aone nchi hii na wanyama wake. Kaburi la McMillan liko katika mlima huo. Mzungu alisafiri majuma mengi kuona mahali ambapo mtoto wa Witeithie huenda hajapaona bado.

Nanyi mlio mbali, tazameni kwenu. Skimu za Nyandarua zina Ziwa Ol Bolossat, na Nyahururu kuna maporomoko ya mita 74 hivi. Funga chapati na chupa ya chai, na gharama itakuwa nauli tu na kiingilio.

YA KUFANYA MWEZI HUU

Fungua daftari lako leo. Andika siku ya chanjo ya mbwa. Andika jina la mtoto juu ya kizimba cha sungura. Zungumza na jirani juu ya zamu ya kukamua, na mchague Jumamosi. Halafu waulize watoto wangependa kwenda wapi, nawe uwasikilize.