Mfumuko wa Bei Ukishuka, Mbona Bei Hazishuki?

Redio inapotangaza kuwa mfumuko wa bei umeshuka, mwananchi aliyetoka sokoni Segese na kikapu kisichojaa huona amedanganywa. Kilichotangazwa si bei, bali kasi ya bei kupanda. Baiskeli iliyopunguza mwendo bado inasonga mbele.

Kwa mujibu wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wastani wa mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 3.8 mwaka 2023, ukashuka hadi asilimia 3.1 mwaka 2024. Tuchukue bidhaa zilizogharimu shilingi 10,000 mwaka 2022. Kwa viwango hivyo, mwaka 2023 zingegharimu shilingi 10,380, na mwaka 2024 takriban shilingi 10,700. Kiwango kimeshuka, gharama imepanda. Ili bei zishuke, kiwango hicho hakina budi kuwa chini ya sifuri.

Isitoshe, takwimu hiyo ni wastani wa nchi nzima, unaojumuisha chakula, nauli, kodi ya nyumba, mavazi na mengineyo. Kaya ambayo sehemu kubwa ya kipato chake huishia kwenye unga na mkaa huumia vitu hivyo vinapopanda, hata kama mavazi yameshuka bei.

Kwa hiyo mama lishe anayepanga bei ya sahani, au kikundi kinachokadiria mtaji, asitegemee redio pekee. Aandike bei za sokoni kila mwezi, kwa kipimo kilekile: gunia la lumbesa halilinganishwi na gunia la kawaida.