Kaske ya macho imeachwa: mfanyakazi wa mine ajifunze nini?

Kwetu watu wa mine, kaske ni neno la kila siku. Ukifika kazini bila kaske, mlinzi anakurudisha ku mlango. Inakinga kichwa, jiwe likianguka. Lakini siku hizi tunasikia jina hilo kwa kitu kingine: kaske ya kufunika macho, ile Wafaransa wanaita casque de réalité virtuelle, ao kaske ya uhalisia pepe. Hiyo haikingi kichwa. Inakufunga macho usione mahali ulipo, kisha inakuonyesha mahali usipokuwa. Umekaa ku kiti mu Lubumbashi, lakini macho yanaona uko chini ya ardhi, lori inakuja mbele yako.

Sisi wa sindika, hapa Pweto na kule Lubumbashi, wafanyakazi wanatuulizaka: hii kitu itatufundisha kazi vizuri, ao itakuja kutuondoa? Ili tujibu, tumechagua kueleza habari ya kaske moja ambayo imekwisha kuachwa na wenye kuitengeneza. Kitu kipya kinasifiwa na kila muuzaji. Kitu kilichoachwa, hakuna anayekisifu tena, njo maana kinaonyesha ukweli mapema zaidi.

Ilizaliwa, ikauzwa, ikaachwa

Kaske hiyo inaitwa Oculus Rift S. Ukoo wake ulianza mwaka wa 2012, wakati kijana Mumarekani, Palmer Luckey, alipoomba watu mchango ku intaneti ili atengeneze kaske ya bei nafuu. Aliomba dola 250,000, akapata zaidi ya milioni 2.4. Machi 2014, Facebook ikatangaza kwamba inanunua kompanyi yake, Oculus, kwa bei ya karibu dola bilioni 2. Rift ya kwanza iliyouzwa kwa watu wote ilitoka Machi 2016, kwa dola 599. Tarehe 21 Mei 2019 ikafuata Rift S, iliyotengenezwa pamoja na Lenovo, kwa dola 399.

Bei hiyo ilikuwa ya kaske peke yake. Rift S haina akili yake yenyewe. Akili iko mu kompyuta, na lazima iwe kompyuta ya nguvu, ambayo mara nyingi bei yake inapita ya kaske. Waya wa mita 5 unaunganisha viwili hivyo. Ndani, mbele ya macho, kuna lenzi mbili na kioo kinachobadilisha picha mara 80 kila sekunde. Nje kuna kamera 5 zinazotazama kuta na meza za chumba, ili kompyuta ijue kichwa kimegeuka upande gani. Ukigeuka, picha inageuka pamoja nawe. Picha ikichelewa hata kidogo, kichwa kinazunguka na tumbo linachafuka, maana macho yanasema moja na masikio ya ndani yanasema lingine.

Septemba 2020, Facebook ikatangaza kaske nyingine, Quest 2, ya dola 299. Hiyo haihitaji kompyuta wala waya: akili yake iko ndani, betri yake iko ndani. Siku ile ile ikasema Rift S haitauzwa tena kuanzia mwaka uliofuata. Aprili 2021 ikawa mwisho. Tangu kuzaliwa hata kuachwa, haikufika miaka 2. Haikuachwa juu ya kuharibika. Walionayo waliendelea kuitumia. Iliachwa juu ya hesabu: kaske ya bila waya iliuzika zaidi.

Jambo la pili ni zito kuliko hilo. Oktoba 2017, Microsoft ilileta programu yake ya kaske za kompyuta, Windows Mixed Reality. Acer, Dell, HP, Lenovo na Samsung wakatengeneza kaske za kutumia programu hiyo. Desemba 2023, Microsoft ikasema inaiacha. Katika Windows 11 iliyotoka 2024, ile ya 24H2, programu hiyo haimo tena. Kaske ya HP Reverb G2, ambayo ilianza kuuzwa mwisho wa 2020, inaweza kuwa nzima kabisa, bila alama hata moja, lakini ukiiunganisha na kompyuta iliyopokea Windows hiyo, programu yake haiko. Mwenye nayo hakuiangusha, hakuilowesha. Uamuzi ulikatwa mu ofisi ya mbali, na kitu chake kikanyamaza mu mikono yake.

Kobalti yetu ndani ya hesabu yao

Mutu anaweza kusema: hayo ni mambo ya Wazungu na michezo yao, yanatuhusu nini sisi wa kando ya ziwa Mweru? Yanatuhusu sana.

Kaske ya waya kama Rift S haina betri kubwa ya kuchaji. Umeme unatoka mu kompyuta, na vishikio vya mikononi vinatumia betri ndogo za kawaida. Ndani yake kuna shaba mu waya na mu sahani za umeme, kuna bati mu maungio, na mara nyingi vifaa vya namna hii vina tantali katika vipande vidogo vinavyotunza umeme. Bati na tantali, watu wa Manono wanazijua kwa majembe yao. Lakini kaske ya bila waya inaongeza betri ya lithiamu, na betri nyingi za vifaa vidogo vya namna hiyo zinataka kobalti. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na karibu yote inatoka Haut-Katanga na Lualaba.

Kwa hiyo, wateja wa Ulaya na Marekani wakiacha waya na kuchagua betri, hesabu ya Kolwezi na Likasi inabadilika. Wakiacha kobalti na kuchagua betri ya namna nyingine, inabadilika tena. Tuliona mwaka wa 2025: bei ya kobalti ilikuwa imeanguka hata serikali yetu ikafunga usafirishaji wake kuanzia mwezi wa Februari, kisha mwezi wa Oktoba ikaufungua kwa kipimo. Kila uamuzi wa namna hiyo, unafanyika mbali ao karibu, unaishia ku mshahara wa mutu fulani.

Dikulushi inatukumbusha

Hapa territoire ya Pweto tunajua kuachwa ni nini. Mine ya Dikulushi, ya shaba na fedha, ilianza kazi 2002 chini ya Anvil Mining. Mawe yaliyosafishwa yalivuka ziwa Mweru kwa chombo kutoka Kilwa hadi Nchelenge, upande wa Zambia. Mine ile ina historia nzito, na Kilwa ya Oktoba 2004 hatuisahau. Lakini leo tunakumbusha jambo lingine. Katikati ya 2008 tani moja ya shaba iliuzwa zaidi ya dola 8,000 ku soko la London. Kufika Desemba ilikuwa karibu dola 3,000. Mwisho wa mwaka huo Dikulushi ikasimamishwa. Mawson West ikaichukua 2010, kazi ikarudi, kisha ikasimama tena.

Shaba haikuwa imeisha mu udongo siku ile ya 2008. Mikono haikuwa imechoka. Ni hesabu iliyosema imetosha, sawasawa na Rift S. Tofauti ni kwamba kaske ikiachwa inawekwa ku kabati. Mine ikiachwa, mama wa kuuza fufu hana mteja, mtoto anarudishwa ku masomo juu ya minerval, kijana anachukua jembe na kwenda kuchimba bila kaske ya aina yoyote.

Kaske mu mafunzo: uzuri wake na mpaka wake

Hatuko watu wa kupinga mashine. Kaske ya macho ina kazi nzuri mu mafunzo, na makompanyi ya mine mu nchi nyingi yanaitumia. Dereva mupya anaweza kukosea mara kumi bila kuua mutu. Mutu anaweza kuona moshi wa moto chini ya ardhi na kutafuta njia ya kutokea, bila moto wowote. Hata habari zetu wenyewe zilipitia njia hiyo. Mu 2017, mpiga picha Karim Ben Khelifa alionyesha Paris kazi yake The Enemy. Mutu alivaa kaske, akabeba kompyuta mgongoni, akasimama katikati ya wapiganaji wawili wenye uadui. Wawili kati yao walikuwa wa vita vya Kongo yetu. Kila mmoja alijibu maswali yale yale: adui wako ni nani, amani ni nini. Kitu cha kumfanya mutu asimame mahali pa mwenzake, hatuwezi kukidharau.

Lakini mine ina mambo ambayo macho peke yake hayajifunzi. Jiwe la juu linapigwa na chuma, na mzee wa kazi anasikiliza: likilia wazi liko imara, likilia kama debe tupu, ondoka. Kuna joto, kuna hewa nzito, kuna harufu ya baruti ambayo inasema ungoje kwanza. Kuna uzito wa buti zikijaa matope. Kaske ya dola 399 haina harufu wala joto. Mvuvi wa Mweru hatupi wavu wa zamani kabla ya kuona ule mupya unaleta samaki.

Tena kuna swali ambalo Rift S inatuachia. Kompanyi ikijenga mafunzo yake yote juu ya kaske moja, na mwenye kaske akaiacha kisha miaka 2, nani atafundisha wafanyakazi wapya? Waya ukikatika na mwingine haupatikani, usalama wa watu utangoja meli?

Tunachoomba

Mkataba namba 176 wa OIT, wa mwaka 1995, juu ya usalama na afya mu mine, unasema mwajiri lazima atoe mafunzo bila kumlipisha mfanyakazi, na kwamba mfanyakazi ana haki ya kuondoka mahali penye hatari. Juu ya msingi huo, tunaomba wajumbe wote wa sindika waweke maneno haya ku meza wakati wa kuzungumzia convention collective.

Kwanza, kaske iongeze mafunzo, isichukue mahali pa siku za kutembea na mzee wa kazi chini ya ardhi.

Pili, saa ya kuvaa kaske ni saa ya kazi na ilipwe hivyo. Mutu akisikia kizunguzungu, aivue bila kuandikiwa kosa, na asiendeshe mashine mpaka apone.

Tatu, kaske inaandika namna kichwa na mikono inavyokwenda. Maandishi hayo yatumike kwa kufundisha tu. Yasiwe sababu ya siri ya kufukuza mutu.

Nne, kila mutu apate karatasi ya mafunzo yake, yenye sahihi, mkononi mwake. Isibaki ndani ya akaunti ambayo kompanyi ya mbali inaweza kuifunga.

Tano, kabla ya kununua, comité ya usalama iulize na iandike: programu itatunzwa miaka mingapi, vipande vya kubadilisha vinatoka wapi, na mafunzo yataendelea namna gani siku kaske itaachwa.

Sita, kaske ya zamani isitupwe mu jalala ya cité. Tumeona watoto wanachoma waya ili watoe shaba, na moshi ule ni sumu. Shaba iliyotoka kwetu ikirudi kwetu, isirudi kupitia mapafu ya watoto.

Wandugu, hakuna neno moja hapa linalomzuia mwajiri kununua mashine. Tunataka tu iandikwe mapema, wakati mashine ingali mupya na kila mutu anacheka. Delege ambaye hajauliza maswali haya mu kompanyi yake, mkutano unaofuata ayapeleke, na majibu ayadai kwa maandishi.