Je, Wajua? Mpishi wa Uji Naye Ana Wajibu

Je, wajua kwamba utafiti wa kitaifa wa Tanzania uliwahi kuonyesha njia ya kwenda shule kuwa na hatari zaidi kuliko shule yenyewe? Utafiti huo wa ukatili dhidi ya watoto ulifanyika 2009 na kutolewa 2011. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata kabla ya kutimiza 18. Wasichana karibu 3 kati ya 10 walisema waliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Kati yao, asilimia 49 walitaja nyumbani kwa mtu, asilimia 23 njiani kwenda au kutoka shule, na asilimia 15 eneo la shule.

Sasa ichukue kata ya Nyakahura, wilayani Biharamulo, penye barabara kuu ya malori yaendayo Ngara na mpaka wa Rusumo. Mafunzo ya walimu ya kuwalinda watoto yanayoishia kwenye uzio wa shule yameacha kazi kubwa nje. Nani anatembea peke yake alfajiri? Nani hupewa lifti? Nani ana bodaboda wake wa kila siku ambaye mzazi hamjui wala hamlipi?

Wavulana nao wamo: asilimia 13 katika utafiti huohuo. Na ni wasiri zaidi. Wasichana waliofanyiwa ukatili, nusu hivi walimwambia mtu. Wavulana ni theluthi moja tu. Lakini mabango mengi ya ofisini kwa walimu yana picha ya msichana peke yake.

Je, wajua wajibu wa kuripoti si wa mwalimu mkuu peke yake? Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009, kinamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, aipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Hakuna anayedaiwa kukamilisha upelelezi kwanza. Kwa hiyo wamo mpishi wa uji, mlinzi wa getini, matroni wa bweni, mhasibu na dereva. Mpishi ndiye humwona mtoto aliyeacha kula ghafla. Mlinzi ndiye humjua "mjomba" anayekuja kila Ijumaa. Ajabu ni kwamba barua ya semina ikifika, mara nyingi humwita mwalimu mkuu na mwalimu mmoja, mpishi akabaki na sufuria lake.

Uingereza ilijua kwa machungu kwamba shule si walimu tu. Agosti 2002, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa katika mji wa Soham. Muuaji alikuwa mtunza majengo wa shule ya sekondari ya hapohapo. Polisi wa eneo jingine walikuwa na taarifa zake za nyuma, ila hazikumfikia mwajiri. Ripoti ya uchunguzi ikatoka 2004, na 2006 ikatungwa sheria ya kuwachunguza watu wote wanaotaka kufanya kazi na watoto.

Wajua saa 72? Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU kwa aliyebakwa lazima zianze ndani ya saa hizo, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Mtoto akikueleza Ijumaa jambo lililompata Alhamisi jioni, nawe ukamwambia "tutalizungumza Jumatatu", muda umekwisha. Asiogeshwe kabla ya kufika kituo cha afya, hata kama mama mwenye huruma keshachota maji. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au zifungwe kwa karatasi. Mfuko wa nailoni hutunza unyevu na kuharibu ushahidi.

Na maneno je? Hapa ndipo semina nzuri hujulikana. Mwalimu hafunzwi kuhoji, anafunzwa kusikiliza. Usimuulize "kwa nini hukupiga kelele?" Usimtajie jina la mtu ili akubali au akatae. Usimwahidi kwamba hutamwambia yeyote, kwa sababu utamwambia mtu, na mtoto akigundua hatakueleza tena la pili. Mwambie utawaeleza wale tu wanaoweza kumsaidia. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, hata kama ni ya Kihangaza au Kisukuma, uweke tarehe na saa. Kisha usimpitishe kwa mwalimu wa nidhamu, kwa mwalimu mkuu, kwa mtendaji, kwa mwenyekiti, kila mmoja akidai asimuliwe upya. Kufika dawati la jinsia na watoto la polisi, mtoto wa namna hiyo huwa amechoka na amekwisha kubadilisha nusu ya maelezo, si kwa uongo bali kwa kuona kwamba kila mtu mzima anataka jibu lake.

Mbuzi, ng'ombe, au fedha za "kumalizana"? Kesi ya ubakaji ni ya Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Baba wa mtoto hana mamlaka ya kuifuta kwa kikao cha wazee, na shule haina mamlaka ya kukiandaa. Kufanya mapenzi na msichana wa shule aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji hata akisema aliridhia.

Je, wajua mwalimu mkuu anadaiwa ripoti kila robo mwaka? Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, yaliyoweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi ujauzito, yanamtaka kila mkuu wa shule atunze kumbukumbu za mimba na ndoa za wanafunzi, na kuziwasilisha kwa Kamishna wa Elimu pamoja na hatua za kisheria zilizochukuliwa. Kwa miaka kadhaa kuliripoti jambo hilo kulimgharimu pia msichana mwenyewe, kwa kuwa mjamzito aliondolewa shule. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba anaweza kurudi masomoni baada ya kujifungua. Kizuizi kimoja cha ukweli kikaondoka.

Fimbo nayo imo katika somo hili, ingawa wapo walimu ambao hukunja uso ikitajwa. Katika utafiti wa 2009, karibu nusu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walisema waliwahi kupigwa na mwalimu kwa kiwango cha ukatili. Kanuni za Tanzania huruhusu viboko visivyozidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Agosti 2018, mjini Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta alifariki baada ya kupigwa akituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu. Machi 2019 Mahakama Kuu ilimtia hatiani mwalimu mmoja kwa mauaji. Mtoto anayemwogopa mwalimu kwa fimbo hatampelekea siri ya mjomba wake.

Kenya ina saa zake: 24. Waraka Na. 3 wa 2010 wa Tume ya Huduma za Walimu unamtaka mwalimu mwenye taarifa au shaka ya ukatili wa kingono dhidi ya mwanafunzi airipoti ndani ya siku moja. Akinyamaza, yeye mwenyewe anashtakiwa kinidhamu. Mwaka 2015, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba tume hiyo na serikali zinawajibika pia kwa mwalimu aliyewanajisi wanafunzi wawili wa Nakuru, na wasichana hao wakapewa fidia ya jumla ya shilingi milioni 5 za Kenya.

Ngara inaingiaje? Aprili 1994 wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, na wilaya ikajaa kambi, malori na wafanyakazi wa mashirika. Miaka minane baadaye, taarifa za watoto kudhulumiwa na watoa misaada katika kambi za Afrika Magharibi ziliitikisa dunia. Oktoba 2003 Umoja wa Mataifa ukaweka kanuni: mfanyakazi wake haruhusiwi kufanya mapenzi na aliye chini ya miaka 18, "sikujua umri wake" si utetezi, na anayemshuku mwenzake lazima amripoti. Shule yoyote inaweza kuzinakili.

Je, mafunzo husaidia kweli? Inategemea. Wilayani Luwero, Uganda, shule 42 zilihusika katika majaribio ya mpango wa shirika la Raising Voices uliogusa shule nzima kwa miezi 18: walimu, wanafunzi, uongozi. Ukatili wa kimwili wa walimu ulipungua kwa asilimia 42. Jirani zetu wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, walipewa mpango mfupi wa wiki 10 kwa vikundi vya walimu katika shule 27 za kambi. Matokeo yaliyochapishwa 2021 hayakuonyesha upungufu wa kipigo. Anayekuja na semina ya siku moja na posho ya chai aulizwe yuko upande gani.

Luwero ilifundisha jambo jingine, gumu zaidi. Katika hojaji ya kwanza watoto 3,706 waliulizwa, na 529 walieleza mambo yaliyolazimu wapelekwe kwa huduma za ulinzi wa mtoto. Waliopata msaada uliotosheleza walikuwa 20. Walimu wa Nyakahura wakifundishwa kuripoti, ni haki yao kuuliza siku hiyohiyo: afisa ustawi wa jamii ni nani, anafikaje huku, na mafuta ya pikipiki yake analipa nani?

Na 116? Simu ya bure ya kitaifa ya huduma kwa mtoto, inayoendeshwa na shirika la C-Sema. Mtoto anaweza kupiga mwenyewe, mwalimu pia, na mpishi pia. Kenya na Uganda namba ni hiyohiyo.