Usimwache mteja aingie mpaka stoo: swali la kumuuliza fundi wa tovuti yako

Ndugu mfanyabiashara, angalia duka la mtaani kwako. Muuzaji yupo nyuma ya nondo, mteja yuko nje dirishani. Anataja anachotaka, anapokea, anaondoka. Hajui stoo ina magunia mangapi wala droo ya pesa iko upande gani. Je, duka lako la mtandaoni limejengwa hivyo, au kila anayepita anaingia mpaka ndani?

Somo hili ni la wale waliomlipa fundi awatengenezee mfumo wao wenyewe wa kupokea oda. Humo mna namba za simu za wateja, mahali pa kupeleka mzigo, nani kalipa na nani bado. Mfumo unakaa kwenye seva ya kukodi, ile ya kulipia kila mwezi ambayo mafundi wanaiita VPS. Kama unauza kwa WhatsApp na Instagram tu, au tovuti yako iko kwenye seva ya pamoja inayosimamiwa na kampuni, hii kazi siyo yako kwa sasa.

Seva ina milango mingi, kila mmoja na namba yake. Tovuti za kawaida hupokelewa mlango 80, zile zenye kufuli mlango 443. Lakini programu ya duka lako, hasa kama imeandikwa kwa Node au Python, mara nyingi husimama kwenye mlango wake, tuseme 3000 au 8000. Njia ya mkato ni kuufungua huo mlango kwa dunia nzima. Na inafanya kazi! Siku ya kukabidhiwa duka linafunguka, unalipa, mnaagana. Dalili yake ipo kwenye anwani: baada ya jina la tovuti kuna nukta mbili na namba, na mara nyingi kivinjari kinakuonya kwamba mahali hapo si salama.

Njia ya pili ni kuweka programu nyingine mbele. Hiyo ndiyo inakaa mlango 80 na 443, inampokea kila mgeni, inaenda ndani kuuliza, inarudi na jibu. Mafundi wanaiita rivasi proksi. Inayojulikana sana ni Nginx, aliyoitoa Mrusi Igor Sysoev mwaka 2004. Caddy na HAProxy nazo zipo. Zote unazipata bure, kwa hiyo unacholipia ni kazi ya fundi, siyo leseni. Hata cheti cha lile kufuli kinatolewa bure na Let's Encrypt.

Faida ambayo watu hawaioni ni ya mtandao dhaifu. Tuseme programu yako ina wahudumu wanne. Mteja yuko ndani ya basi, mtandao unakuja na kukata, simu inavuta ukurasa kidogo kidogo, na mhudumu mmoja amekwama naye. Wakipatikana wanne wa namna hiyo, wa tano anakuta duka limeganda. Wewe unadhani seva ni ndogo, unalipia kubwa zaidi. Proksi inalipokea jibu lote haraka, inamwachia mhudumu aendelee na mwingine, halafu yenyewe inabaki na yule wa kwenye basi. Na wapo wanaofanya uchelewaji huo makusudi: mwaka 2009 ilitolewa programu iitwayo Slowloris, ikaonyesha kompyuta moja inaweza kuilaza seva ya Apache kwa kufungua miunganisho mingi na kuongea nusunusu.

Sasa hapa ndipo watu wanaumia. Fundi anaweka Nginx, kufuli linaonekana, kila mtu anafurahi, kumbe mlango 8000 bado uko wazi. Umeweka nondo dirishani, mlango wa uani hauna komeo. Wezi wa mtandaoni hawahitaji kujua jina la duka lako. Wana programu zinazopita anwani moja baada ya nyingine zikigonga milango. Tena fundi anaweza kukuambia kwa moyo safi, "Bosi, nimefunga na ufw." Kama anatumia Docker, mlango uliofunguliwa na Docker unaweza kuruka ukuta huo wa ufw kama haupo. Dawa ni programu ya duka isikilize 127.0.0.1 peke yake, yaani iongee na walio ndani ya seva ileile tu.

Kupima ni dakika moja. Zima WiFi, washa data ya simu, andika namba ya IP ya seva yako, nukta mbili, kisha namba ya mlango wa programu. Duka likifunguka, kazi haijaisha na awamu ya mwisho ya malipo isitoke. Hapohapo muulize kuhusu hifadhidata, mlango 3306 kwa MySQL au 5432 kwa PostgreSQL. Kwa duka la kawaida, huo hauna sababu ya kuonekana nje.

Wengine wanaweka Cloudflare mbele, ina mpango wa bure na ni nzuri. Ila sharti ni lilelile: seva ikubali wanaotoka Cloudflare tu, la sivyo mwenye namba yako ya IP anazunguka nyuma. Na ujue unamtegemea mtu. Tarehe 2 Julai 2019 walikosea sheria moja, tovuti nyingi duniani zikagoma kwa karibu nusu saa.

Na nywila ikiwa 123456, proksi haikusaidii kitu.

Ukishawekewa, kuna namba mbili za kuzijua. Ukipandisha picha ya bidhaa ikakataliwa kwa namba 413, huenda simu yako haina tatizo: Nginx isipoambiwa vingine hukataa mzigo unaozidi MB 1, na fundi anabadilisha mstari mmoja tu. Ukiona 502, maana yake wa mlangoni yupo ila hajapata jibu la kueleweka kutoka ndani. Mpigie fundi, mtajie hiyo namba, naye ataanza kuangalia programu ya duka badala ya kuhangaika na intaneti yako.