Kontrola gani kwa kinga ya moteri? Tuwaze mbele ya kutoa feza ya koperative

Wandugu wanakoperative wa Mboko, Swima na Abeka, tangu wamoja kati yenu walianza kuwaza kufunga moteri ya umeme kwenye kinga za kubebea mihogo na ndagala, ulizo moja inarudi kila mara: moteri tumeona, batri tumeona, lakini hii kisanduku ya katikati tuchague gani?

Jina lake ni kontrola. Moteri nyingi za siku hizi, zile zinazokaa ndani ya gurudumu, haziwezi kuzunguka ukizigusisha na batri moja kwa moja. Kontrola njo inagawa umeme kwa waya 3 nene, moja kisha nyingine, mara mingi kwa kila sekunde, kufwatana na vile unavuta mkono wa gazi. Moteri ya zamani yenye kaboni za kusuguana iko na waya nene 2 tu, na inaomba kontrola ya aina yake. Kwa hiyo muhesabu kwanza waya za moteri. Kontrola ya waya 3 na ile ya waya 2 hazibadilishani, hata muuzaji akisema nini.

Bei ya kontrola ni ndogo kuliko ya batri, na njo maana watu wanainunua haraka-haraka. Lakini kontrola mbaya inaweza kuua batri, na kwenye batri njo feza yenu imelala.

Muanze na muzigo

Tuchukue mtu wa kilo 70, kinga na batri kilo 30, mufuko wa mihogo kilo 100. Jumla kilo 200. Kwenye njia ya vumbi iliyo sawa, mbio ya kilometa 15 kwa saa, moteri inakunywa karibu wati 250 hadi 300. Njia ikipanda, tuseme metre 5 kwa kila metre 100, hata ukipunguza mbio mpaka kilometa 10 kwa saa, inakunywa karibu wati 500. Wati ni volti mara ampere. Kwa batri ya volti 48, wati 500 ni kama ampere 10 na nusu. Kwa volti 36 ni karibu ampere 14. Na pale unaondoka na muzigo, umeme unapanda zaidi kwa kitambo kidogo.

Ju ya hiyo, kwa kinga ya kubeba muzigo kwenye barabara ya Uvira na Baraka, sisi tunashauri volti 48 na kontrola ya ampere 20 ao 25. Volti 36 inatosha kwa mtu peke yake na bido moja ya mawese. Na kama koperative itafunga kinga zaidi ya moja, zote ziwe na volti moja. Kontrola ikikufa kwa moja, munaazima kwa nyingine wakati munangoja spea ifike.

Batri njo inaamua

Hapa njo watu wengi wanakosea. Batri ya lityumu iko na kisanduku kidogo cha ulinzi ndani yake; mafundi wanakiita BMS. Kama BMS inaruhusu ampere 20 na wewe umenunua kontrola ya ampere 30, siku utapanda mulima na mufuko, BMS itakata umeme. Kinga inasimama katikati ya mupando, muzigo unakuvuta nyuma. Kuna fundi atakuambia: "Tutoe tu hiyo BMS, itakwenda vizuri." Mukatae kabisa. Bila BMS, batri inaweza kupata moto mpaka kuwaka, na moto wa lityumu hauzimiki na ndoo moja ya maji. Ampere ya mwisho iliyoandikwa kwenye kontrola isipite ile ya BMS. Na batri isichajiwe usiku ndani ya nyumba watu wanalala, wala kwenye depo ya koperative.

Volti nayo inadanganya. Batri inayoitwa ya 48 haikai kwa 48: ile ya lityumu yenye seli 13 kwa mustari, ikijaa inafika 54.6. Kinga moja tuliyosaidia kufunga ilikuwa na batri 4 za asidi, za volti 12 kila moja. Vijana wakaongeza ya 5 ili kinga ikimbie. Ndani ya kontrola za volti 48, mara nyingi kondensa zinavumilia volti 63, na batri 5 zikijaa zinapita hapo. Ilipasuka asubuhi, mbele hata mufuko haujafungwa. Tulipoteza kontrola, na soko ya siku ile.

Muangalie pia kikomo cha chini, yaani volti ambayo kontrola inazima yenyewe. Kwa batri 4 za asidi, 42 ni nzuri. Kikiwa chini sana, batri inakauka mpaka inakufa mbele ya wakati wake.

Waya ya freni

Kontrola nyingi ziko na waya mbili ndogo za freni. Ukishika freni, moteri inazima palepale. Mafundi wengi wanaziacha hewani kwa sababu kinga inatembea hata bila hizo. Sisi tunasema kontrola isiyokuwa nazo musiinunue. Mtu anashuka kutoka milimani na kilo 100 nyuma, mkono wa gazi unakwama kwa vumbi, moteri inaendelea kusukuma, na kule chini kuna watoto wanatoka masomo. Freni za kinga peke yake hazitasimamisha ile.

Siku ya kujaribu, gurudumu likae juu, lisiguse chini. Moteri ikinguruma, ikitetemeka ao ikirudi nyuma, muzime haraka: waya zimepangwa vibaya. Kati ya batri na kontrola muweke fyuzi, kubwa kidogo tu kuliko ampere za kontrola. Kontrola yenyewe mufunge fasi upepo unapita, isiwe ndani ya mufuko wa plastiki ju ya kuogopa mvua, kwa sababu itajipika. Waya zake zitokee upande wa chini, maji yadondoke na yasiingie.