Umeomba Rauta, Ulihitaji Swichi

Mwenye stesheneri ana kompyuta sita na printa, lakini kisanduku cha rauta alichofungiwa na kampuni ya intaneti kina matundu manne tu ya kebo. Anakwenda dukani kununua rauta ya pili. Muuzaji anampa, maana mteja ameomba mwenyewe, na rauta ina faida kubwa kuliko swichi.

Swichi huunganisha vifaa vya mtandao mmoja. Kila kifaa hutoka kiwandani na anwani ya MAC yenye tarakimu na herufi 12. Swichi huzisoma anwani hizo pakiti za data zinapoingia, ikajua nani yuko tundu lipi. Kazi ya printa ikaenda kwa printa peke yake. Habu iliyotangulia ilikuwa mpiga mbiu tu: kila ilichosikia ilikitangaza kwa wote, na kompyuta mbili zikisema kwa pamoja, data iligongana. Kampuni ya Kalpana ya Marekani ilileta swichi ya kwanza ya Ethernet mwaka 1990, na habu zikaanza safari ya kuelekea stoo. Ukiuziwa habu ya mtumba kwa bei ya kutupa, iache hukohuko.

Rauta kazi yake ni nyingine: huunganisha mtandao wako na mitandao ya nje. Anwani za IP za ndani, kama 192.168.1.5, hazipiti kwenye intaneti ya umma, kwa hiyo rauta huweka anwani yake badala ya hizo, kisha hukumbuka jibu ni la nani. Ndiyo pia inayogawa anwani hizo za ndani. Sasa chomeka rauta mbili kiholela: wagawaji wamekuwa wawili. Kompyuta inayopewa anwani na rauta isiyo na njia ya nje inakosa intaneti, jirani yake anaipata, na fundi anaitwa kuja kutafuta "virusi". Kama umeshainunua, zima ugawaji wa anwani (DHCP) katika rauta hiyo ya pili, ibadilishie anwani yake isigongane na ya kwanza, kisha pitisha kebo inayotoka rauta ya kwanza kwenye tundu lake la LAN, si la WAN. Itafanya kazi ya swichi.

Modemu ni kitu kingine tena: hubadili mawimbi ya laini ya simu yawe data. Kwenye faiba, kifaa kiitwacho ONT hufanya hivyo kwa mwanga. Wi-Fi nayo ni njia ya kufika kwenye kisanduku bila kebo, basi. Mistari yake ikijaa kwenye simu yako, ujue tu kwamba kisanduku kinasikika vizuri. Intaneti inaweza kuwa imekatika tangu asubuhi.

Ukishanunua swichi, usichomeke ncha zote mbili za kebo moja humohumo. Nyingi za bei nafuu hazina kinga: pakiti zitazunguka bila kikomo na ofisi nzima itasimama.